Kutakatisha jina: maana yake kupitia kisa cha Nan Goldin na familia ya Sackler

Neno utakatishaji fedha tumelizoea. Mtu ana pesa za magendo, anazipitisha kwenye hoteli, kwenye maduka, kwenye viwanja, mpaka zinatokea upande wa pili zikiwa na risiti. Kutakatisha jina ni ndugu wa tendo hilo, ila hapa kinachofuliwa ni sifa ya mtu. Pesa zenyewe zinaweza kuwa zimelipiwa kodi hadi senti ya mwisho. Kinachosumbua ni walioumia wakati zinachumwa. Mwenye nazo huzipeleka mahali panapoheshimiwa, kama makumbusho au chuo kikuu, naye hupewa jina lake juu ya mlango. Ikipita miaka 20, kijana akilisikia jina hilo hafikirii kiwanda wala wagonjwa. Anafikiria picha nzuri alizoziona ukutani.

Nisieleweke vibaya. Si kila tajiri aliyejenga wodi au maktaba anatakatisha jina. Dini zetu zinahimiza mkono wa kulia utoe bila wa kushoto kujua, lakini mtu akitoa na kibao chake kikabandikwa, bado ametoa. Mimi kipimo changu ni kutazama jina la mtoaji linaonekana wapi na limefichwa wapi. Likiwa kubwa kwenye jumba la sanaa, na halipo kabisa kwenye bidhaa iliyoleta pesa hizo, hapo pana jambo la kuuliza.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoifahamu unatoka Marekani. Mwaka 1952 ndugu watatu, Arthur, Mortimer na Raymond Sackler, wote madaktari, walinunua kampuni ndogo ya dawa mjini New York iliyoitwa Purdue Frederick. Kutoka humo ikazaliwa Purdue Pharma, ambayo mwaka 1996 ilianza kuuza OxyContin, kidonge cha kutuliza maumivu chenye oksikodoni, kilichotengenezwa kuachia dawa kidogo kidogo kwa saa 12. Oksikodoni ni ya ukoo wa afyuni, pamoja na mofini na heroini. Wazee wetu afyuni waliiita pia kasumba. Leo tunalitumia neno hilo kwa fikra iliyomganda mtu kichwani, hata aambiweje haiachi.

Kampuni ilituma wauzaji wake kwa madaktari nchi nzima kuwatuliza kwamba hatari ya uraibu ni ndogo mno, haifiki hata asilimia 1. Haikuwa kweli. Mwaka 2007 Purdue Frederick ilikiri mahakamani kwamba iliinadi dawa hiyo kwa udanganyifu, na mwaka 2020 Purdue Pharma ikakiri tena makosa ya jinai. Kati ya 1999 na 2021, watu wapatao 645,000 walikufa Marekani kwa kuzidisha dozi ya dawa za ukoo huo, za hospitali na za mtaani kwa pamoja. Hizo mbili hazitenganishiki kirahisi, maana wengi walianza na kidonge cha daktari, na kilipokatika wakaenda kwenye heroini, kisha fentanili, dawa ya maabara ya ukoo huohuo yenye nguvu kuliko heroini.

Sasa shika kichupa cha OxyContin ukisome. Utaona jina la dawa, nguvu yake, na jina la kampuni. Sackler hulioni. Lakini katika miaka hiyohiyo, ukiingia Metropolitan Museum of Art mjini New York kulitazama hekalu la Dendur, ambalo Misri iliwapa Wamarekani, ulikuwa umesimama ndani ya jengo la Sackler. Louvre mjini Paris ilikuwa na vyumba vya Sackler. London ilikuwa na ua wa Sackler kwenye makumbusho ya Victoria and Albert. Orodha ni ndefu, na vyuo vikuu vimo.

Hivi ndivyo Nan Goldin alivyolijua jina hilo: kwenye kuta za majumba ya sanaa tu. Goldin ni mpigapicha wa Kimarekani, aliyezaliwa 1953. Alijulikana kwa picha za marafiki zake wa New York ya miaka ya 1970 na 1980: wapenzi vitandani, mashoga waliofukuzwa kwao, yeye mwenyewe akiwa na jicho lililovimba baada ya kupigwa na mpenzi wake. Mwaka 2014 alifanyiwa upasuaji wa kifundo cha mkono mjini Berlin na akaandikiwa OxyContin. Alianza na vidonge 3 kwa siku kama alivyoelekezwa na daktari, akafika 18. Alikuwa akivisaga na kuvivuta puani, na hofu ya kukosa ikawa ndiyo saa yake ya kuamkia. Hali ile ya kukosa, ambayo vijana wa pwani yetu huiita arosto, ndiyo inayomfanya mtu arudi hata anapotaka kuacha kwa moyo wote. Siku moja nusura afe kwa fentanili. Mwaka 2017 alitoka kwenye matibabu, akasoma habari za familia inayomiliki Purdue, na jina alilokuta ni lile la ukutani.

Alianzisha kikundi kidogo kiitwacho P.A.I.N., herufi ambazo kwa Kiingereza zinasomeka "maumivu". Tarehe 10 Machi 2018 waliingia Metropolitan kama watazamaji wengine. Mbele ya hekalu la Dendur kuna bwawa la maji yaliyotulia. Ghafla vichupa vya dawa, vile vya rangi ya machungwa vyenye vifuniko vyeupe, vikaanza kurushwa majini, vikaelea kwa mamia. Kisha wanakikundi wakalala sakafuni kama maiti. Mtindo huo waliurithi kwa wanaharakati wa UKIMWI wa miaka ya 1980, ambao Goldin aliwazika wengi.

Kinachonigusa zaidi ni lebo za vichupa vile. Zilikuwa zimechapwa upya, zikieleza kwamba dawa hii umeandikiwa na akina Sackler. Jina lililokuwa ukutani likahamishiwa kwenye chupa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba dawa ya kutakatisha jina si kulifuta, ni kwanza kulirudisha mahali lilikotoka.

Filamu inayosimulia hayo inaitwa *All the Beauty and the Bloodshed*, yaani uzuri wote na damu iliyomwagika. Mwongozaji wake ni Laura Poitras, nayo ilishinda Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, Septemba 2022. Inamfuata Goldin pia hadi Guggenheim, jumba jingine la sanaa la New York, tarehe 9 Februari 2019. Jumba lile kwa ndani ni duara lenye njia ya mteremko inayozunguka hadi juu. Wakiwa ghorofa za juu waliachia maelfu ya vikaratasi vyeupe, vyeti vya dawa vya kuigiza, vikashuka taratibu hewani mfano wa theluji. Mwezi mmoja kabla yake, nyaraka za kesi ya jimbo la Massachusetts dhidi ya Purdue zilikuwa zimefichua hotuba ya Richard Sackler, mtoto wa Raymond, kwenye sherehe ya kuizindua OxyContin. Alitabiri tufani ya theluji ya vyeti vya dawa itakayowafukia washindani wao. Goldin alimletea tufani yake ndani ya jumba ambalo nalo lilikuwa na jina la Sackler.

Lakini kelele peke yake haziangushi kibao. Kutakatisha jina kunahitaji watu watatu: mwenye pesa, mwenye jumba, na msanii. Tajiri analeta hundi, makumbusho yanaleta ukuta, ila heshima yenyewe inatoka kwa msanii, kwa kuwa watu huenda pale kuona kazi yake. Huyo wa tatu huwa haulizwi. Goldin alijua picha zake zimo kwenye makusanyo ya majumba hayohayo, akaitumia nafasi hiyo. National Portrait Gallery ya London ilikuwa ikizungumza naye kuhusu onyesho kubwa la kazi zake, na wakati huohuo ilikuwa imeahidiwa pauni milioni 1 na mfuko wa akina Sackler. Akasema wakizipokea, yeye haji. Machi 2019 pesa hizo zikaachwa. Siku mbili baadaye Tate, taasisi ya majumba ya sanaa ya Uingereza, ikatangaza haitapokea tena msaada wa familia hiyo, kisha Guggenheim. Julai mwaka huo Louvre iliondoa jina, na Desemba 2021 Metropolitan ikaliondoa katika sehemu 7 za majengo yake, pamoja na ukumbi wa hekalu.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo siwezi kuiruka. Arthur Sackler alikufa 1987, miaka 9 kabla ya OxyContin, na hisa zake ziliuzwa kwa ndugu zake. Warithi wake wanasema jina lake linachafuliwa bure. Na kweli, zawadi nyingine zilitolewa zamani, kabla ya kidonge hicho. Nakubali kwamba kwa Arthur neno hili halikai sawasawa, ingawa yeye ndiye aliyewafundisha watu namna ya kuwatangazia madaktari dawa kwa nguvu. Lakini jina la familia ni moja, na liliendelea kuwafanyia kazi walio hai miaka yote ambayo vidonge vilikuwa vikiuzwa.

Mahakamani mambo yalikwenda polepole zaidi. Purdue iliomba kutangazwa mufilisi mwaka 2019, na mpango uliofuata uliipa familia kinga dhidi ya kesi za baadaye. Mahakama ya Juu ya Marekani iliukataa mpango huo Juni 2024, kwa majaji 5 dhidi ya 4. Tukio moja katikati ya safari hiyo limo kwenye filamu. Tarehe 10 Machi 2022, miaka minne kamili tangu siku ya vichupa, watatu wa familia ya Sackler walilazimika kuwasikiliza kwa njia ya video watu waliofiwa. Theresa na David wanaonekana kwenye skrini. Richard alisikika kwa simu tu, uso wake haukuonekana.

Poitras hakuishia kwenye makumbusho, na ndiyo maana filamu inauma. Goldin alikuwa na miaka 11 dada yake alipojiua, mwaka 1965, baada ya kupelekwa na wazazi kutoka taasisi moja hadi nyingine kwa sababu alikuwa msichana mkaidi asiyetaka kufanana na wenzake. Siku hiyo Goldin alimsikia mama yake akisema watoto waambiwe ilikuwa ajali. Nyumba nayo ilikuwa na jina la kulinda mbele ya majirani. Miaka mingi baadaye alizipata karatasi za hospitali ya dada yake, na ndani yake daktari alikuwa ameandika kwamba binti huyu anaona wakati ujao, na uzuri wote, na damu iliyomwagika.