Petroli ya bei ghali si sabuni ya injini

Siku moja nilikuwa gereji nasubiri gari langu lifungwe breki, akaingia kijana na Mark X. Ikisimama kwenye foleni inatetemeka, na asubuhi ikiwashwa inapiga misi. Fundi akafungua manifoldi, yaani bomba linaloingiza hewa kwenye injini, akamulika ndani kwa tochi ya simu, akatuita tuangalie. Migongo ya valvu ilikuwa imeshika masizi mazito yaliyokauka kama ukoko wa wali chini ya sufuria.

Kijana akashika kichwa. “Lakini fundi, mimi siweki mafuta ya kawaida. Tangu nilinunue hili gari naweka yale ya daraja la juu tu, ili injini ibaki safi.”

“Mdogo wangu,” fundi akamjibu taratibu, “hayo mafuta hayajawahi kufika hapa.”

Nilimwonea huruma, maana dhana ile naijua. Nimeishi nayo miaka mingi, na nimeilipia kila nilipojaza tangi.

Dhana: oktani ikiwa kubwa, petroli inasafisha zaidi

Oktani ndiyo namba inayotofautisha petroli ya daraja la juu na ya kawaida, lakini haipimi usafi. Inapima jambo moja tu: petroli inavumilia kubanwa kiasi gani kabla haijajiwasha yenyewe. Ndani ya silinda, pistoni hupanda ikibana mchanganyiko wa hewa na petroli, kisha plagi hutoa cheche. Moto unatakiwa uanzie pale kwenye plagi na kusambaa kwa mpangilio. Petroli yenye oktani ndogo ikibanwa sana na kupata joto, sehemu yake hulipuka pembeni kabla moto wa plagi haujaifikia. Hapo ndipo injini inagonga. Ukipanda mlima na mzigo utasikia mlio kama wa sarafu zinazotikiswa ndani ya kopo, na mlio huo ukiachwa uendelee, pistoni zinaliwa.

Historia yenyewe inaonyesha kwamba oktani na usafi ni mambo mawili. Mwaka 1923, kule Dayton, Ohio, ilianza kuuzwa petroli iliyotiwa madini ya risasi ili kupandisha oktani. Kugonga kulipungua, lakini ile risasi iliacha uchafu kwenye plagi na valvu, hata ikabidi iongezwe kemikali nyingine yenye bromini ya kuitoa nje kupitia ekzosi. Petroli ya oktani kubwa ya wakati ule ndiyo iliyokuwa ikichafua injini, tena ikawapa watu sumu.

Namba zenyewe nazo zinachanganya. Marekani petroli ya kawaida ni 87 na ya juu ni 91 hadi 93, kwa sababu wanaandika wastani wa vipimo viwili, RON na MON. Japani, Ulaya na kwetu tunatumia RON peke yake, ambayo hutoa namba kubwa zaidi. Hiyo 87 ya Marekani ni kama 91 au 92 ya huku. Usilinganishe namba ya kwenye video ya Mmarekani na ya pampu ya mtaani kwako.

Dhana: kumbe basi petroli zote ni sawa

Hapana, na hapa ndipo dhana ya kwanza ilipopata mizizi. Kinachosafisha ni kemikali maalumu zinazotiwa kwenye petroli, kazi yake ikiwa kuzuia uchafu usigande kwenye nozeli, zile zinazomwaga petroli, na kwenye valvu. Maarufu mojawapo ni ile inayoandikwa PEA kwenye chupa za dawa za kusafishia nozeli. Kampuni nyingi huweka dozi kubwa zaidi ya kemikali hizo kwenye petroli yao ya daraja la juu. Kwa hiyo anayesema petroli fulani ya bei ghali inasafisha vizuri zaidi anaweza kuwa anasema kweli, ila sababu ni dawa iliyomo, wala si oktani. Dawa hiyohiyo ingetiwa kwenye ya kawaida, ingefanya kazi ileile.

Marekani wamelifanyia kazi jambo hili kwa makini. Tangu 1995 mamlaka yao ya mazingira, EPA, inataka petroli yote iwe na kiwango fulani cha dawa ya kusafisha, ya kawaida na ya juu. Mwaka 2004 watengenezaji wa magari, wakiwemo BMW, General Motors, Honda na Toyota, waliona kiwango hicho hakitoshi, wakaanzisha kigezo kikali zaidi kiitwacho Top Tier. Kituo kinachotaka alama hiyo lazima madaraja yake yote ya petroli yakifikie.

Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha huko, AAA, kilipima. Petroli isiyo na kiwango cha Top Tier iliacha uchafu mara 19 zaidi kwenye valvu, baada ya muda wa injini kufanya kazi unaolingana na kilomita kama 6,400. Mwaka huohuo kilipima pia petroli ya juu kwenye magari yaliyotengenezwa kwa ya kawaida, na hakikuona faida ya maana katika nguvu, ulaji wa mafuta wala moshi. Kikakadiria kuwa madereva wa Marekani walikuwa wamepoteza dola bilioni 2.1 kwa mwaka kwa kuilipia bure.

Dhana: mafuta mazuri yatasafisha valvu za gari lolote

Turudi kwa yule kijana. Kwenye injini za mtindo wa zamani, nozeli humwaga petroli nyuma ya valvu ya kuingizia hewa. Kila mzunguko valvu inaoshwa, na dawa iliyomo inapata nafasi ya kufanya kazi. Injini zinazomwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda hazina uoshaji huo. Valvu inapitisha hewa tu, pamoja na mvuke wa oili unaorudishwa kutoka ndani ya injini. Mvuke huo unaganda juu ya chuma cha moto, safu juu ya safu.

Injini ya Mark X ile, 4GR-FSE ya lita 2.5, ni ya aina hiyo. Injini hiyohiyo ilifungwa kwenye Lexus IS 250 iliyouzwa Marekani, gari ambalo kitabu chake kinataka petroli ya 91. Wenye magari hayo walilalamikia masizi kwenye valvu na injini kutetemeka mpaka kampuni ikaweka mpango maalumu wa kuwahudumia. Walikuwa na petroli ya daraja la juu, tena ya nchi inayolazimisha dawa ya kusafisha, na valvu zilichafuka vilevile. Dawa ya kwenye tangi bado ina faida kwenye nozeli zao. Kwenye migongo ya valvu haifiki.

Kinachosaidia injini hizo ni kumwaga oili kwa wakati, kuweka oili ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu, na kuangalia valvu ya kurudisha mvuke isizibe. Masizi yakishaganda, ni kufungua na kuyatoa kwa mkono, au kwa mashine inayorusha maganda magumu ya jozi (walnut) yaliyosagwa.

Sasa uweke ipi?

Fungua kifuniko cha tangi. Magari mengi yetu yametoka Japani, na ndani ya kifuniko pana kibandiko cha Kijapani kinachotaja petroli ya gari hilo. Elekeza kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri, utasoma mwenyewe. Kule ya kawaida ni RON 89 kwenda juu, na ya juu, wanayoiita haioku, ni 96 kwenda juu. Ikiandikwa ya kawaida, kama ilivyo kwa Vitz na Passo, hela ya ziada ipeleke kwenye oili na chujio la hewa. Ikiandikwa ya juu, fuata, hasa kama gari lina tabo (turbo) au injini inabana sana.

Fundi alimfungulia kijana kifuniko chake, wakasoma pamoja. Kiliandikwa petroli ya juu. Basi aendelee kuinunua, akamwambia, injini yake inaihitaji isigonge. Kisha akachukua brashi na mkebe wa dawa, akaanza na valvu ya silinda ya kwanza.