Nyumba imeuzwa mnadani, lakini benki bado inakudai

Wakopaji wengi hapa Kenya wanaamini benki ikishauza nyumba basi deni limekwisha, wewe umepoteza nyumba, wao wamechukua pesa, mmemalizana. Sivyo kabisa. Nyumba ni dhamana tu, deni lenyewe uliahidi kulilipa kwa sahihi yako, kwa hivyo mnada usipotosha kulimaliza benki inaweza kukupeleka kortini kwa salio, kifungu cha 91 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinairuhusu.

Tuseme unadaiwa milioni 8, nyumba kwa bei ya soko ni milioni 7, mnadani ikaenda kwa milioni 5.6. Toa gharama za dalali na mawakili, tuseme laki 4, inabaki milioni 5.2 ya kupunguza deni. Bado unadaiwa milioni 2.8, na huna nyumba!

Ndio maana nasisitiza sana hii maneno ya bei. Kifungu cha 97 cha sheria hiyo hiyo ya ardhi kinalazimisha benki itafute bei bora inayoweza kupatikana kwa hali halisi, na mali ithaminiwe kabla ya kuuzwa. Ikiuzwa chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba benki imekiuka wajibu wake mpaka yenyewe ithibitishe vingine. Kwa hiyo itisha ripoti ya mthamini, na ukiweza tafuta mthamini wako mwenye leseni mapema, maana mnunuzi akishapata mali kwa njia halali kuirudisha ni vigumu mno, mara nyingi kinachobaki ni kudai fidia.

Angalia riba pia. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinasema mkopo ukishaingia kwa orodha ya ile isiyolipwa, riba ambayo benki inaweza kudai haiwezi kupita ile pesa ya msingi uliyokuwa unadaiwa wakati huo. Wengi wanalipa salio bila hata kuitisha stetimenti, na tafadhali usifanye hivyo, itisha yote, mstari kwa mstari.

Kama ni mzazi alitoa shamba lake kudhamini loni ya mtoto, hali yake ni tofauti kidogo. Kama hakujifunga mwenyewe kulipa, kwa mkataba wa rehani au wa udhamini, benki inaishia kwa shamba, haimfuati kwa salio. Lakini mara nyingi hizo karatasi husainiwa pamoja siku moja, na mzee hasomewi.

Na kabla ya mnada wakati upo. Kuna notisi ya benki ya miezi mitatu ya kulipa ulichochelewesha, kisha ya siku 40 kabla ya kuuza, halafu dalali naye anakupa yake ya siku 45. Tumia huo muda kuongea na benki wakuruhusu utafute mnunuzi mwenyewe, kwa kawaida bei inakuwa bora kuliko ya mnada, na kama salio litabaki mkubaliane kwa maandishi kabla hujasaini kuuza: ni kiasi gani kinasamehewa, kiasi gani utalipa pole pole na riba ni ngapi.