Mbwa Ndani ya Jezi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kila mechi kubwa inapokaribia, picha zilezile hurudi: mbwa kakaa kitako, ulimi nje, jezi ya timu imembana kifuani, na watu wanaandika "huyu ndiye shabiki wa kweli". Mimi nina mbwa na nina timu, na jezi yenyewe sina ugomvi nayo. Ila baadhi ya yanayosemwa juu ya mbwa hawa yanawaumiza, na ni haki yao tuyaseme wazi.

"Ana manyoya tayari, kitambaa kimoja zaidi hakimdhuru."

Hili ndilo linaloua. Sisi tukipatwa na joto, jasho hututoka mwili mzima. Mbwa tezi zake za jasho ziko kwenye nyayo, na hazitoshi kumpoza. Kazi kubwa anaifanya kwa kuhema. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 38.5, na likifika 41 maisha yake yako hatarini. Jezi inafunika kifua na tumbo, mahali penye manyoya machache ambapo joto lingepata pa kutokea. Mbwa wa pua bapa, kama bulldog na pug, hali yao ni ngumu zaidi kwa sababu njia yao ya hewa ni finyu.

Mtu atasema: mbona Uga anavaa? Uga ni bulldog wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, na tangu 1956 mbwa wa ukoo huo wamekuwa wakipokezana jina hilo na jezi nyekundu pembeni mwa uwanja wa mpira wa Kimarekani. Anavaa, kweli. Lakini uwanjani pale amejengewa kibanda chenye kiyoyozi, na siku za joto huwekewa mifuko ya barafu ya kulalia. Jezi zake hushonwa kwa kipimo chake. Hata ile ya kwanza, iliyotokana na fulana ya mtoto, mke wa mwenye mbwa aliirekebisha kwanza ndipo ikamkaa. Anayemvika mbwa wake jezi saa nane mchana Dar es Salaam, kwenye banda la kuonyeshea mpira lenye bati juu, ameiga vazi akaacha barafu.

Akianza kuhema kwa nguvu, kutoa ute mzito na kuyumba, mvue papo hapo, mmwagie maji, mpepee, kisha mkimbize kwa daktari wa mifugo.

"Ametulia, maana yake amependa."

Mbwa wangu Shaba nilimvika jezi ya mpwa wangu siku ya dabi. Akasimama wima, hasogei, watoto wakashangilia, nami nikaamini anajivunia. Jioni niliikuza picha kwenye simu. Masikio yamelala nyuma, mkia umebanwa katikati ya miguu, weupe wa jicho umejitokeza pembeni, ulimi unalamba pua. Zote hizo ni dalili za mbwa mwenye wasiwasi. Kukauka vile ni kama mtoto anayenyamaza kwa hofu. Na nilipoivua nikakuta makwapani pamekuwa pekundu, maana mkono wa jezi ya mtoto haukukatwa kwa mguu wa mbwa. Iliniuma sana.

"Anazijua rangi za timu yake."

Mwaka 1989 Jay Neitz na wenzake walionyesha kwamba jicho la mbwa lina aina mbili tu za chembe za kupokea rangi, sisi tunazo tatu. Anatofautisha vizuri buluu na njano. Nyekundu ya Simba kwake ni kama kahawia iliyofifia, na kijani cha Yanga kinaelekea kwenye njano. Anachokijua kwa hakika ni harufu yako, na sauti yako inapobadilika ghafla goli likiingia.

"Basi nimpake rangi, haina joto."

Rangi ya nywele za binadamu usimpake kabisa. Ina kemikali za kuunguza ngozi, na mbwa hujilamba.

Siku hizi Shaba namfunga kitambaa chepesi shingoni, kilicholegea kiasi cha kupitisha vidole viwili, tunapiga picha moja, nakifungua. Mpira unapoanza kitambaa kiko msumarini, yeye yuko uani chini ya mwembe, na bakuli la maji pembeni.