Doa kwenye kongosho la mtu aliyewahi kutolewa figo

Kongosho likitajwa kwenye majibu ya kipimo, ndugu wengi hukata tamaa hata kabla hawajamaliza kusoma. Siwalaumu. Saratani inayoanzia kwenye kongosho lenyewe ni kali, na wengi huigundua ikiwa imeshasambaa. Lakini wapo wagonjwa wachache ambao uvimbe wao haukuanzia hapo. Ulitoka kwenye figo, mara nyingi figo iliyokwisha kutolewa zamani, na ugonjwa wao huenda kwa mwendo mwingine kabisa. Mimi ni daktari bingwa wa radiolojia hapa Dar es Salaam, na wagonjwa hawa wananikaa moyoni kwa sababu kuwatambua kunategemea habari ambayo mara nyingi haiandikwi kwenye fomu.

Chukua mama mmoja aliyeletwa kwa CT-Scan. Fomu ilisema "maumivu ya tumbo", basi. Kwenye picha, upande wa kushoto hapakuwa na figo. Utumbo na mkia wa kongosho vilikuwa vimeteremka vikajaza nafasi yake. Ndani ya mkia ule palikuwa na doa la mviringo, linang'aa kuliko nyama iliyolizunguka. Nikatoka kwenda kumwona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Nikamuuliza kama aliwahi kupasuliwa. Akasogeza kanga, kovu refu limepita ubavuni. "Aa, hii ya zamani, dokta. Walitoa figo wakasema ugonjwa wote umetoka. Mwaka wa 11 huu."

Saratani ya figo ikihamia kwenye kongosho, ndivyo inavyofanya. Kwa kawaida huonekana miaka kama 10 baada ya figo kutolewa, na wapo iliowarudia baada ya zaidi ya miaka 20. Wengi hawasikii chochote. Wengine huumwa tumbo, huvuja damu tumboni, hupata kisukari cha ghafla, au macho huwa ya njano pale uvimbe unapobana mrija wa nyongo.

Kung'aa kule kuna sababu. Aina ya kawaida ya saratani ya figo, ile ya seli angavu, mara nyingi huwa imeharibikiwa jeni iitwayo VHL. Jeni hiyo ikiwa nzima huzuia seli kuomba damu isiyohitaji. Ikiharibika, seli hulilia oksijeni ilhali inayo, kama mtu anayegombania maji bombani na tenki lake limejaa, na mishipa mipya ya damu huota kuielekea. Watafiti watatu waliofumbua jinsi seli zinavyopima oksijeni, Kaelin, Ratcliffe na Semenza, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019.

Sasa hapa ndipo fomu inapokuwa na uzito. Tukishadunga dawa ya kung'arisha mishipa, doa hili huonekana vizuri zaidi kwenye picha za mapema, kama sekunde 40 hivi. Zikifika sekunde 70 huweza kufifia likafanana na kongosho. Mgonjwa wa "maumivu ya tumbo" anaweza kupigwa picha za baadaye tu, na doa likapita. Ikiandikwa "alitolewa figo kwa saratani", tunapiga awamu zote mbili, baada ya kupima kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi, maana amebaki na figo moja. Utrasaundi ya kawaida haitoshi. Gesi ya utumbo hulificha kongosho.

Saratani ya kongosho lenyewe kwa kawaida huonekana hafifu, yenye damu kidogo. Uvimbe wa seli za homoni za kongosho, lakini, nao hung'aa, kwa hiyo mara nyingi huchukuliwa kinyama kwa sindano kupitia tumboni. Kukosea hapa ni hatari: kemotherapia ya saratani ya kongosho haisaidii saratani ya figo. Mgonjwa atateseka bure.

Doa likiwa peke yake na mwili una nguvu, upasuaji huzungumzwa, na katika taarifa nyingi zilizochapishwa zaidi ya nusu ya waliopasuliwa huwa hai baada ya miaka 5. Si upasuaji mwepesi. Kongosho lote likitolewa, mtu ataishi kwa insulini na vidonge vya vimeng'enya vya kusaga chakula. Wengine hupewa vidonge vya kuzuia mishipa mipya, kama sunitinibu au pazopanibu, ambavyo kundi hili huvipokea vizuri. Shinikizo la damu lifuatiliwe. Na kwa wengine uvimbe hukua polepole mno hata madaktari huamua kuutazama kwanza.

Kwa hiyo ukija kupimwa, njoo na majibu ya patholojia, yaani ya maabara iliyochunguza nyama ya figo ile, hata yawe ya miaka 15 iliyopita. Yakipotea, rudi hospitali ulikopasuliwa uulizie kipande cha uvimbe wa figo kilichohifadhiwa kwenye nta. Maabara nyingi huvitunza kwa miaka mingi, na daktari wa patholojia anaweza kukilinganisha na kinyama kipya.