Kubatilisha Ndoa si Talaka ya Haraka

Hakuna kauli ninayoisikia mara nyingi kwa wateja hapa Kisumu kuliko hii: “Wakili, sisi hatutaki talaka wala kutengana, ibatilishe tu ndoa, maana hatujakaa sana na hatuna mtoto.” Wameelezwa hivyo na jamaa, pengine hata na mchungaji, wakaamini kwamba kubatilisha ni njia fupi isiyo na aibu ya kutoka katika ndoa iliyowachosha. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 haisemi hivyo hata kidogo.

Anayeomba amri ya kutengana anakubali kwamba ndoa ipo na ni halali, ila hawezi kuendelea kuishi na mwenzake kwa sababu kama vile uzinzi au ukatili. Anayeomba kubatilisha anadai kwamba ndoa ilikuwa na kasoro tangu mwanzo, na kifungu cha 73 kimezitaja kasoro zenyewe: tendo la ndoa halijafanyika tangu harusi, wawili hao ni jamaa wasioruhusiwa kuoana na hawakujua, ndoa ni ya mke mmoja ilhali mmoja wao tayari alikuwa na ndoa nyingine, mwombaji hakuridhia kwa hiari yake, mmoja wao hakuwepo ndoa ilipofungwa, bibi harusi alikuwa na mimba ya mwanamume mwingine bila mume kujua, au mwenzi ana wazimu wa kurudiarudia ambao mwombaji hakuujua. Ulevi ulioanza mwaka wa pili haumo, ugomvi na mama mkwe haumo, na kukosa mtoto hakumo. Hilo la mtoto nalisisitiza kwa sababu wanawake wengi wa eneo hili wamedhalilishwa nalo bure.

Linaloniumiza zaidi ni muda. Kifungu hichohicho kinataka maombi yawasilishwe ndani ya mwaka mmoja tangu ndoa ifungwe. Mwanamke anafika ofisini mwaka wa tatu, cheti cha ndoa kimekunjwa mara nne ndani ya Biblia, mume hajawahi kukutana naye kimwili, na muda wote huo shangazi na wakwe walimwambia avumilie. Sababu anayo, lakini mwaka umeshapita, na njia zilizobaki ni talaka au kutengana, ambazo kila moja ina masharti yake. Ndiyo maana nawasihi wazee na viongozi wa dini: kabla ya kumshauri mtu avumilie, tazameni tarehe iliyo kwenye cheti. Vikao na sala vinaweza kuendelea hata kesi ikiwa imekwisha kufunguliwa. Mwombaji naye ajue kwamba wakilala pamoja baada ya kesi kufunguliwa, mahakama haitaibatilisha ndoa hiyo.

Wapo wanaodhani kwamba aliyepewa amri ya kutengana yuko huru kuoa au kuolewa tena. Hayuko huru. Akiwa katika ndoa ya mke mmoja na akafunga nyingine, kifungu cha 171 cha Kanuni ya Adhabu kinaweza kumfunga hadi miaka 5. Hata hivyo amri hiyo ina faida: mahakama inaweza kuagiza matunzo, na kwa waliofunga ndoa ya kiserikali, miaka 2 ya kutengana hutosha kuonyesha kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kwa mtu ambaye imani yake haimruhusu kutaliki, mimi humshauri aanzie hapo. Kuishi mbalimbali tu, hata kwa miaka 10, hakuiondoi ndoa.

Kurudisha ng'ombe wa mahari hakuivunji ndoa kisheria. Hata ndoa ya kimila huvunjwa na mahakama. Vivyo hivyo, jopo la kanisa Katoliki likitamka kwamba ndoa ni batili, limeamua suala la sakramenti, na katika sajili ya serikali wawili hao wangali mume na mke.

Watoto hawapotezi haki yoyote ndoa ikibatilishwa, kwa kuwa Ibara ya 53 ya Katiba inawawajibisha baba na mama sawasawa, wawe wameoana au la.

Wala hakuna haja ya kusafiri hadi Nairobi. Mahakama ya hakimu mkazi ndiyo yenye mamlaka, kwa hiyo faili hufunguliwa hapa Kisumu, Kakamega au Nakuru, na Waislamu huenda kwa Kadhi.