Vijiti vya mtandao vimejaa, mbona simu inakatakata?

Swali ambalo watumiaji wa simu hutuuliza mara kwa mara ni hili: inakuwaje video icheze bila kukwama, vijiti vya mtandao vikiwa vimejaa, lakini mtu akipiga simu ya kawaida sauti ikatekate au simu isiingie kabisa?

Katika 2G na 3G, mtu alipopiga simu, mtandao ulimtengea njia yake peke yake hadi upande wa pili, nayo ilibaki yake mpaka alipokata, hata kama wote wawili walikuwa kimya. Mtandao wa 4G haukujengewa njia ya namna hiyo, kwa kuwa kila kitu ndani yake husafiri kama pakiti za data, yaani vipande vidogo vinavyotumwa kimoja kimoja. Mwanzoni tatizo lilikwepwa kwa kurudi nyuma: simu inapoingia, kifaa hutoka 4G na kuhamia 3G au 2G, ndiyo maana alama iliyo juu ya kioo hubadilika, mlio huchelewa kwa sekunde kadhaa na intaneti huzorota hadi mazungumzo yaishe. Ufumbuzi wa kweli, VoLTE, yaani sauti kusafirishwa kama data ndani ya 4G yenyewe, ulianza kutumika kibiashara Agosti 2012 nchini Marekani na Korea Kusini. Hata 5G ilipokuja hali ilijirudia, kwani simu nyingi za sauti bado hushushwa 4G.

Katika VoLTE, sauti hukatwa vipande vya milisekunde 20, yaani pakiti 50 kwa kila sekunde. Kipande kimoja cha sauti huwa na takribani baiti 32, ilhali anwani na maelezo ya safari yanayokitangulia huchukua baiti 40 au zaidi. Bahasha ni nzito kuliko barua, na isipobanwa hadi baiti chache, nafasi kubwa ya mtandao hutumika kubebea bahasha tu. Pakiti hizo hazifiki kwa mwendo mmoja, hivyo simu ya mpokeaji huzihifadhi kidogo kabla ya kuzitoa sikioni. Akiba ikiwa fupi, maneno hukatika. Ikiwa ndefu, wazungumzaji huanza kudakizana. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Video haina shida hiyo, kwa sababu hupakuliwa mapema na kusubiri zamu yake.

Ili kufikia kiwango hicho, mtandao huzipa pakiti za VoLTE kipaumbele mbele ya data nyingine. Simu zinazopigwa kupitia programu za ujumbe kwa kawaida hazina upendeleo huo, nazo hung'ang'ania nafasi na kila anayepakua filamu kwenye mnara uleule.

Kuna jambo ambalo, kwa maoni yangu, halielezwi vya kutosha. Vile vijiti huonyesha jinsi simu inavyousikia mnara, wala si jinsi mnara unavyoisikia simu. Mnara hurusha mawimbi kwa nguvu ya makumi ya wati, wakati simu ya 4G kwa kawaida haizidi wati 0.2. Anayetazama video hupokea zaidi kuliko anavyotuma, lakini anayezungumza lazima sauti yake ipande hadi mnarani. Akiwa ndani ya jengo la zege, yeye atamsikia mwenzake vizuri huku mwenzake akiambulia vipandevipande, na kusogea karibu na dirisha husaidia kweli.

Aidha, kuwa na 4G si sawa na kuwa na VoLTE. Kampuni ya simu lazima iitambue aina ya kifaa na kukiruhusu, na kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya soko jingine kinaweza kufungua intaneti vizuri bila kuweza kupiga simu ya 4G. Kasoro hii hufichika maadamu 3G au 2G ipo. Australia ilipozima 3G mwaka 2024, simu zisizoweza kupiga namba ya dharura kupitia 4G zilifungiwa mitandao, zikiwemo nyingine ambazo wenyewe walidhani ni za kisasa. Njia rahisi ya kujipima ni kupiga simu huku ukitazama alama ya mtandao: ikishuka kutoka 4G mara tu mlio unapoanza, fungua mipangilio ya laini uone kama VoLTE imewashwa, na isipokuwepo kabisa, waulize watoa huduma wako kama wanaitambua simu yako.