Anayeleta wimbo aubebe

Bendi yetu ina watu saba: gitaa la solo, gitaa la rizimu, besi, drams, mimi mwenyewe kwenye kinanda, na waimbaji wawili, mmoja mwanamume na mwingine mwanamke. Tunapiga nyimbo za kukopi, yaani zilizotungwa na wanamuziki wengine, katika hoteli na harusi za Dar es Salaam, na kwa miaka 11 sasa mimi ndiye ninayeongoza mazoezi na kupanga orodha ya nyimbo. Katika muda huo nimewaona wanamuziki wakivumiliana juu ya malipo yaliyochelewa, vyombo vibovu na safari za usiku wa manane, kisha wakashindwa kuvumiliana juu ya wimbo mmoja wa dakika nane. Mpiga besi wetu wa kwanza aliondoka kwa sababu hiyo, na kosa lilikuwa langu, kwa kuwa siku hiyo niliamua tupige kura.

Kura inaonekana kuwa njia ya haki, lakini katika bendi inaumiza. Wapiga magitaa wetu watatu wa wakati ule, mpiga besi akiwemo, walikuwa watu wa rika moja, waliokulia kwenye rumba ya zamani, na mwimbaji wetu wa kiume alikuwa wa upande wao. Kwa hiyo kila tulipopiga kura matokeo yalikuwa manne kwa matatu, wiki baada ya wiki, na wale watatu waliobaki walijua jibu kabla ya kunyoosha mkono. Siku ile mpiga besi alikwenda kinyume na wenzake kwa mara ya kwanza, akaleta wimbo wa vijana wa Bongo Fleva, na wote walioshindwa siku zote wakamgeukia kwa sababu hawakumwamini. Zaidi ya hayo, mwanamuziki aliyeshindwa kwenye kura haachi kupiga. Anapiga kwa shingo upande. Hadhira haijui kwamba kulikuwa na ubishi mazoezini, lakini inasikia besi inayochelewa kidogo na kumwona mwimbaji anayetazama sakafu, na miguu inarudi kwenye viti.

Bendi kubwa za muziki wa dansi zilikuwa na kitu ambacho sisi hatuna. NUTA Jazz iliyoanza mwaka 1964, ambayo baada ya kubadilisha jina mara kadhaa leo tunaiita Msondo Ngoma, na Mlimani Park iliyoanzishwa mwaka 1978, kila moja ilijulikana kwa mtindo wake, Msondo kwa hawa na Sikinde kwa wale. Mtunzi aliyeleta wimbo katika bendi ya namna hiyo alijua kwamba ni lazima ukae ndani ya mtindo, na usipokaa utarekebishwa hadi ukae. Mtindo ulikuwa hakimu aliye juu ya wote, hata juu ya kiongozi. Bendi ya kukopi inapiga rumba saa mbili usiku, chakacha ya pwani saa tatu na Bongo Fleva saa tano, na hivyo hakuna mtindo wa kuuliza. Pasipo hakimu, kila mtu hujigeuza hakimu kwa kutumia ladha yake, na ladha ya mtu haishindwi kwa hoja.

Nilichokuja kugundua, na ambacho kimepunguza ugomvi wetu kuliko mazungumzo yote, ni hesabu. Usiku wa hoteli kwetu una raundi tatu za karibu saa moja moja. Rumba yenye sebene, ile sehemu ya kasi ya kuchezea inayoongozwa na magitaa, ikipigwa ipasavyo jukwaani inachukua dakika nane hadi kumi, na wimbo mfupi unachukua dakika nne au tano, kwa hiyo usiku mzima unabeba nyimbo 22 hadi 25. Raundi ya kwanza watu wanakula, na pale nyimbo huchaguliwa na mazingira: sauti ya chini, mapigo ya taratibu, na zile nyimbo ambazo wageni wa hoteli za pwani huziomba bila kukosa, ukiwemo Jambo Bwana ambao Them Mushrooms wa Mombasa waliutoa mwaka 1982 na ambao wanamuziki wengi wameuchoka ingawa wageni hawajauchoka. Ukiondoa hizo, ukaondoa vibao ambavyo wateja wa kila Ijumaa wasipovisikia watalalamika kwa meneja wa ukumbi, zinabaki nafasi saba au nane tu ambazo bendi inaweza kuzichagua kwa uhuru kamili. Nilipoziandika ubaoni mbele ya wenzangu, chumba kilinyamaza. Tulikuwa watu saba, na nafasi tulizokuwa tukizigombania zilikuwa karibu moja kwa kila mtu.

Tangu siku hiyo kila mwanabendi ana nafasi yake moja. Hahitaji kura wala ruhusa ya yeyote kuweka wimbo hapo, ila kuna sharti moja: anayeleta wimbo aubebe. Kuubeba maana yake ni kwamba anakuja mazoezini akiwa ameusikiliza hadi kujua ubeti unaingia wapi, kiitikio kinarudi mara ngapi, sebene inaanza kwa ishara gani na inafungwa vipi. Ameandika kordi kwenye karatasi. Amekwishakaa na mwimbaji kutafuta ufunguo, yaani kimo cha sauti, unaomfaa. Na anaweza kumwonyesha kila mwenzake cha kupiga, hata kama ni kwa kuimba kwa mdomo. Wimbo unapewa mazoezi matatu. Usiposimama katika mazoezi ya tatu unatoka, na mwenye nafasi analeta mwingine. Sharti hili linachuja kwa upole kuliko mtu yeyote anavyoweza kuchuja, maana nyimbo nyingi zinazopendekezwa kwa sauti kubwa Jumanne huwa hazina mtu aliye tayari kuziandikia kordi Jumatano.

Yapo mapingamizi ninayoyakubali, lakini ni lazima yatoke kwa yule atakayebeba mzigo wenyewe. Mwimbaji anaweza kukataa ufunguo, mpiga drams anaweza kukataa kasi, na mtu yeyote anaweza kukataa kuimba maneno yanayogusa imani yake au msiba wake, na hapo haulizwi sababu. Asichoweza kufanya mpiga rizimu ni kusema kwamba wimbo wa mwenzake ni wa kitoto.

Mara nyingi, hata hivyo, pingamizi linalosemwa si pingamizi lenyewe, na hapa ndipo kiongozi wa bendi anapopaswa kusikiliza kwa makini zaidi. Mwaka juzi dada yetu mwimbaji alileta rumba moja ya zamani iliyorekodiwa na mwanamume katika ufunguo wa G. Kwa sauti yake ilibidi ipande hadi C. Mpiga solo, ambaye anazipenda rumba za namna hiyo kuliko sisi sote, alisema wimbo haufai, na alisema hivyo wiki mbili mfululizo. Nilimwita pembeni nikamwambia, "Kaka, nionyeshe mahali unapokukwaza." Akapiga. Michomo yake yote alikuwa ameijenga juu ya mikao ya G na juu ya nyuzi zinazoachwa wazi, na katika C vidole vilipotea njia. Tulifunga kibano, kifaa kinachobana nyuzi zote kwa pamoja, kwenye shingo ya gitaa katika nafasi ya tano, akarudia mikao ileile ya G, na sauti ikatoka C, tena ikiwa juu na yenye kung'aa kama sebene inavyotaka. Wimbo uliokuwa haufai ukawa ndio anaoudai kila Ijumaa. Tangu hapo, mtu akiniambia wimbo fulani ni mbaya, ninamwomba kwanza aupige.

Kuna sababu nyingine ambayo wanamuziki hawapendi kuitaja, nayo ni fedha za kutunzwa. Mteja anayefurahi hupanda jukwaani akampa mwimbaji noti, au humbandika kwenye paji la uso, na kwa desturi fedha hiyo ilikuwa ya aliyetunzwa. Wimbo wa kusifu, wenye nafasi ya kutaja majina ya watu waliokaa mezani, unamtajirisha mwimbaji. Sebene ndefu inampa mpiga solo nafasi ya kusogea mbele na kutunzwa yeye. Na mpiga drams aliyejificha nyuma ya matoazi hapati kitu hata akipiga kwa ustadi wa namna gani. Kwa miaka mingi tulidhani tunabishana juu ya rumba na Bongo Fleva, kumbe tulikuwa tunabishana juu ya nani atasimama mbele wakati noti zinapotoka. Sasa fedha zote za kutunzwa zinaingia kwenye kapu moja na kugawanywa sawa kabla ya kufunga vyombo. Waimbaji wetu walikubali kwa uzito, na ninawaheshimu kwa hilo, kwa sababu ndio waliopoteza. Lakini wiki chache baadaye mwimbaji wa kiume aliacha kupinga nyimbo ambazo mwenzake ndiye anayeongoza kuimba, na hakuna aliyekuwa amemwambia lolote.

Suala la vyombo linahitaji ukweli zaidi kuliko diplomasia. Nyimbo nyingi za dansi za miaka ya 1970 na 1980 zilijengwa juu ya tarumbeta na saksafoni, na sisi hatuna mpuliza hata mmoja. Ninaweza kuzipiga sehemu hizo kwenye kinanda, na baadhi zinakubali, lakini pale ambapo wapulizaji watatu walikuwa wakijibizana na waimbaji, kinanda kinasikika kama mtu mmoja anayejibu kwa niaba ya kijiji. Sebene za Kikongo nazo mara nyingi zinategemea gitaa la tatu, lile linaloitwa misolo, linalokaa kati ya rizimu na solo. Tukiwa na magitaa mawili tu ukiacha besi, nusu ya utamu inabaki kwenye rekodi. Kwa upande wa Bongo Fleva tatizo ni kinyume chake, kwa kuwa mdundo umetengenezwa kwenye kompyuta na besi yake inakwenda chini kuliko gitaa la nyuzi nne linavyoweza kufika. Hapo mpiga besi ama aazime mkono wangu wa kushoto kwenye kinanda, ama autungie wimbo njia mpya. Haya ninayasema mapema, kabla mtu hajaupenda wimbo kiasi cha kuumia.

Harusini nafasi za watu binafsi zinasimama, na orodha inakuwa ya wenye shughuli. Ubishi wetu mkubwa huko umekuwa juu ya maneno: je, inafaa kupiga wimbo wa malalamiko ya mapenzi mbele ya maharusi? Niliwahi kuamini kwamba haifai kabisa. Sina Makosa wa Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki ambao wengi wao walitoka Tanzania, ni wimbo wa mtu anayelalamikia hasira na tuhuma za mwenzake, na bado sijaona harusi ambayo gitaa lake la kwanza halikuwainua akina mama wote waliokaa. Mpiga besi wetu wa sasa ndiye aliyenibadilisha mawazo. Nilichobakiza ni kwamba wimbo wa namna hiyo hauingii kabla ya keki kukatwa, na taarabu yenye vijembe haiingii pale ambapo hatuzijui familia zote mbili.

Orodha yetu kamili imefungwa kwenye nyimbo 60, kwa sababu zaidi ya hapo hatuwezi kuzitunza kwa mazoezi mawili ya wiki. Wimbo mpya ukisimama, mmoja wa zamani unatoka, na anayechagua wa kutoka ni mwanabendi aliyekaa muda mrefu zaidi bila kubadilisha wimbo wake, wala si yule aliyeleta mpya. Wiki hii zamu hiyo ni yangu. Mpiga drams ameleta chakacha ambayo imesimama katika zoezi la pili tu, na katika nyimbo ninazoweza kuzitoa kuna rumba moja ninayoipiga tangu mwaka wa kwanza wa bendi hii. Nimewaomba wenzangu tuipige mara moja zaidi Ijumaa, katika raundi ya pili, kabla sijaifuta jina.